"Tafadhali Tumia Chrome" Ni Jibu Linalomgharimu Mteja

Desemba iliyopita shangazi yangu alikuwa anasafiri kutoka Nairobi kwenda Kakamega. Tiketi ya basi, shilingi 1,800. Ana simu ya Android ya zamani kidogo, na kwa intaneti anatumia Opera Mini kwa sababu moja tu: bando linakaa. Akafungua ukurasa wa kampuni ya basi, akachagua kiti cha dirishani, akaandika namba yake. Ujumbe wa kuweka PIN ukamtokea kwa simu, akaweka. SMS ya malipo ikaingia. Lakini ule ukurasa ukabaki unazunguka tu, unazunguka, hadi akachoka. Akadhani pesa haijafika. Akalipa tena.

Mara ya pili ikawa yaleyale. Alipopigia huduma kwa wateja, swali la kwanza lilikuwa, "Mama, unatumia brauza gani?" Yeye hajui brauza ni nini, anajua anaingia kwa ile O nyekundu. Akajibiwa, "Hiyo haifanyi hapa. Tafadhali tumia Chrome."

Basi akaenda saiba. Kijana wa pale akamfungulia ukurasa kwa kompyuta, akakosea tarakimu moja ya namba, na ujumbe wa PIN ukaenda kwa simu ya mtu asiyemjua. Waliporudia, shangazi hakuwa na miwani, kwa hivyo akampa kijana simu na kumtajia PIN. Kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni. Kijana alikuwa mwaminifu, Mungu ambariki. Lakini jioni hiyo nilimpigia shangazi nikamwambia asilale kabla hajabadilisha hiyo PIN.

Hesabu yenyewe: tiketi moja, malipo matatu, shilingi 5,400. Zile 3,600 za ziada zilirudi baada ya siku kumi na moja, na hizo siku zote zilikuwa za kupiga simu.

Mimi nafanya kazi ya kuelimisha wateja, na nikiri hapa kwamba hata sisi tumewahi kumjibu mteja hivyo. Ni jibu rahisi. Linamaliza simu haraka. Siku hizi naona ni jibu baya, na nitaeleza kwa nini, nikianza na kile hasa kilichompata shangazi.

Brauza ya kawaida huuleta ukurasa ukiwa mbichi, na simu yako ndiyo inaupika. Opera Mini, ukiiweka kwenye kile kiwango kikali kabisa cha kuokoa data, inafanya kinyume. Ukurasa unapikwa kwenye kompyuta za Opera, halafu unaletewa sahani ikiwa tayari, imepunguzwa na kubanwa. Ndivyo ilivyobuniwa tangu 2005, ili simu ndogo ya vitufe iweze kufungua intaneti. Ndiyo maana bando linakaa. Lakini ina gharama yake. Ukurasa wa malipo huwa unauliza kila baada ya sekunde chache, "Amelipa? Amelipa?" hadi jibu lije. Kwa hali ile ya Opera Mini, maagizo kama hayo hupewa sekunde chache tu kule kwenye kompyuta zao kisha yanasimamishwa. Pesa ya shangazi ilifika mara ya kwanza. Ukurasa haukuwa na njia ya kumwambia.

Kuna jambo la pili, la usalama. Katika hali hiyo njia ya siri haiendi moja kwa moja kutoka simu yako hadi kwa unayemlipa. Inakatika katikati: kutoka kwako hadi Opera, halafu kutoka Opera hadi kule. Opera wenyewe hawajaficha hilo. Kwa hivyo mafundi wetu wanaposema hali hiyo haifai kwa kuandika namba za kadi ya benki, mimi niko nao. Lakini dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya hiyohiyo Opera Mini na kuzima kuokoa data hadi umalize kulipa, kisha unairudisha. Kumfukuza mama wa watu hadi saiba si dawa.

Tena wenye ukurasa walikuwa na njia rahisi. Weka kitufe kimoja kinachosema "Nimelipa, angalia". Mteja akikibonyeza, ombi jipya linaenda na jibu linarudi, hata kwa Opera Mini. Halafu tuma tiketi kwa SMS, maana namba yake si unayo tayari?

Sasa hii tabia ya kukataa brauza kwa jina. Kila brauza ikifika kwenye tovuti hujitambulisha kwa maneno machache: mimi ni fulani, toleo namba fulani. Kuna tovuti zinazosoma jina hilo na kufunga mlango bila kujaribu lolote, kama bawabu anayemrudisha mgeni kwa sababu ya jina la ukoo kwenye kitambulisho. Wenye brauza ya Vivaldi waliyapata hayo. Injini yao ni ileile ya Chrome, lakini tovuti nyingi zilikuwa zinawakataa. Mnamo Desemba 2019 wakaamua brauza yao iwe inajitambulisha kama Chrome. Milango ikafunguka. Injini haikubadilishwa, ni jina tu. Ukitaka ushahidi kwamba zuio lile halikuwa la kiufundi, huo unatosha.

Na si Vivaldi pekee. Opera ya kawaida ilihamia injini ya Chromium mwaka 2013, Edge ya Microsoft ikafuata Januari 2020, na ile brauza inayokuja na simu za Samsung pia ni ya ukoo huo. Kwa iPhone mambo yamegeuka upande wa pili: hapa kwetu, Chrome unayopakua kwenye iPhone inaendeshwa na WebKit, injini ya Apple, sawa tu na Safari. Kwa hivyo mwenye iPhone anapoambiwa aache Safari atumie Chrome, mara nyingi anabadilishiwa kibao cha duka, fundi ndani ni yuleyule. Brauza ambayo kweli ina injini yake tofauti na inayotumika na watu wengi ni Firefox, na hiyo ndiyo huumia zaidi kwa sababu wengi hawaijaribu kabla ya kufungua tovuti yao.

Najua utetezi wa mafundi: kujaribu ukurasa kwa brauza kumi ni kazi, na wateja wengi wako kwa Chrome. Sawa. Lakini kuna nchi nzima iliyowahi kufikiri hivyo kuhusu malipo, na ilichukua miaka mingi kujitoa.

Hiyo ni Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa inazuia programu zenye usimbaji wa nguvu kuuzwa nje, kwa hivyo mwaka 1998 Wakorea wakatengeneza wa kwao, wakauita SEED. Lilikuwa jambo la busara kabisa wakati huo. Tatizo ni kwamba brauza hazikuujua. Ilibidi mteja asakinishe kiongezo, na kiongezo hicho kilikuwa cha ActiveX, kitu kilichofanya kazi kwenye Internet Explorer ya Microsoft peke yake. Marekani ililegeza masharti yake mwaka 2000, lakini mazoea yalikuwa yameshika na kanuni zikayafuata. Kwa zaidi ya miaka kumi, Mkorea aliyetaka kulipa bili au kununua kiatu mtandaoni alihitaji Internet Explorer. Mwenye Mac au Linux alibaki nje. Profesa mmoja wa sheria, Kim Keechang, alienda hadi mahakamani kudai haki ya wanaotumia brauza nyingine, akashindwa kesi.

Kilichokuja kuwaamsha wakubwa ni koti. Mwanzoni mwa 2014 tamthilia moja ya televisheni ya Korea ilipendwa sana China, na mashabiki wakataka kununua koti alilovaa mhusika mkuu. Hawakuweza kulipa. Machi mwaka huo Rais Park Geun-hye mwenyewe akalitaja koti hilo alipokuwa anazungumzia kanuni zinazokwamisha biashara. Hapo ndipo masharti yakaanza kulegezwa. Ile Internet Explorer iliyokuwa lazima kwa kila mtu, Microsoft waliistaafisha Juni 2022.

Kinachonihusu zaidi katika kisa hicho ni mazoea yaliyojengeka kwa mtumiaji wa kawaida. Kila ukitaka kulipa, ukurasa unakwambia kwanza sakinisha hiki, halafu na hiki. Mtu anazoea kubonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Na mwizi anahitaji nini zaidi ya hapo?

Rudi kwetu sasa. Mteja aliyezoea kuambiwa na tovuti halali kwamba brauza yake haifai, siku moja atapata ukurasa wa mwizi unaosema vilevile: "Brauza yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa upate mpya." Anabonyeza. Anapakua faili kutoka kwa linki, anairuhusu isome SMS zake, na yaliyobaki unayajua. Sisi wa malipo tunapomrushia mteja "tumia Chrome" bila kueleza, tunamfundisha kumtii mwizi. Hapo ndipo nakasirika hasa, kuliko hata zile 3,600.

Ukikutana na ujumbe kama huo, usipakue chochote kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Funga. Brauza inasasishwa kutoka duka la programu la simu yako, Play Store au App Store, basi.

Nisiwe mwongo, zipo simu ambazo kweli zimepitwa. Tangu katikati ya 2018, kanuni za kimataifa za malipo ya kadi zinazitaka tovuti zikatae njia za zamani za kufunga mawasiliano, na brauza isiyojua njia mpya itakwama hata ungefanya nini. Lakini hata hapo, kuwa na brauza zaidi ya moja kuliwahi kuwasaidia watu. Novemba 2020 Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya usalama kwa tovuti nyingi mno duniani, lilionya kwamba simu za Android za chini ya toleo la 7.1.1 zingeanza kuzikataa tovuti hizo kufikia Septemba 2021, kwa sababu orodha ya vyeti ndani ya simu ilikuwa ya zamani. Ushauri wao kwa wenye simu hizo? Wekeni Firefox, maana inabeba orodha yake yenyewe. Baadaye ilipatikana njia ya kusogeza tarehe mbele, lakini fikiria kama dunia ingekuwa imebaki na brauza moja. Mwenye simu ya zamani angeambiwa anunue nyingine.

Kwa mteja anayesoma hapa, ukikumbuka kitu kimoja, iwe ni hiki: ukurasa si risiti. SMS ya uthibitisho ndiyo risiti. Ukurasa ukizunguka, ukiganda, ama ukipotea kabisa (hutokea sana ukifungua linki ndani ya Facebook, ukienda kuweka PIN na kurudi unakuta umerudishwa mwanzo), usilipe tena. Soma SMS kwanza. Kama imeingia, pesa imetoka. Chukua namba ya muamala umpigie muuzaji. Kama haijaingia, angalia salio kabla ya kujaribu tena. PIN nayo inawekwa kwenye ule ujumbe unaotokea kwa simu yako. Ukurasa wenyewe ukikuomba PIN ya pesa za simu, huyo ni mwizi. Na ujumbe wa PIN ukikutokea kama hukuomba, kama alivyotokewa yule mtu wa namba iliyokosewa, ukatae tu.

Halafu tusisahau tulikotoka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikuhitaji brauza yoyote, na mpaka leo mwenye kabambe analipa stima na karo kwa menyu ya laini. Tovuti ikikusumbua, muulize muuzaji Paybill na namba ya akaunti, ulipe kwa menyu, na usome jina la biashara kabla ya kukubali. Muuzaji halisi hawezi kukataa kukupa.

Wenzangu wa upande wa mafundi nimewaomba mambo mawili: ile orodha ya brauza tunazozikataa kwa majina ifutwe, na kila ukurasa wetu ujaribiwe kwa Firefox na kwa Opera Mini kabla haujafunguliwa kwa wateja. La kwanza wamekubali. La pili bado tunavutana.

Nawe ukikwama, unapotuandikia taja aina ya simu, jina la brauza (ama hata rangi ya alama yake, kama shangazi), na maneno uliyoyaona kwenye ukurasa. PIN usiitaje hata kwetu. Shangazi amerudi Nairobi, bado yuko kwa ile O nyekundu. Tiketi ya kurudi alilipa kwa Paybill, mara moja.