Wazee Wasiijue Pwani kwa Ugonjwa Tu

Kwetu Karagwe na Kyerwa, mzee akionekana alfajiri kando ya barabara amevaa koti lake la sikukuu na mkoba mkononi, majirani hawamwulizi anakwenda kutembelea wapi. Wanamwuliza anaumwa nini. Wamekwisha kuzoea kwamba mtu wa umri ule hasafiri kwenda Dar es Salaam ila amepewa barua ya rufaa.

Hii ni aibu, na aibu yenyewe si ya wazee. Ni yetu sisi watoto wao tulioko mijini. Tumewafanya wazazi wetu waijue pwani kwa njia mbili tu: kwa foleni ya hospitali, au kwa harusi ya mjukuu, ambayo ikiisha wanarudishwa upesi kama viti vya kuazima. Mimi nasema mzazi apelekwe pwani akiwa mzima, apelekwe kutembea, na safari hiyo ianzie mlangoni pake, mtoto akiwa amekuja mwenyewe kumchukua.

Hebu tujiulize, ada zetu za shule zilitoka wapi? Kwa wengi wetu zilitoka kwenye kibuni. Mzazi aliichuma kahawa, akaianika, akaipeleka kwenye chama cha msingi ikiwa ya maganda, kisha akangoja malipo yaliyokuja yanapotaka. Kahawa ile ilisafiri mpaka bandarini ikapanda meli. Sisi nasi tukaifuata njia ile ile, tukasoma, tukapata kazi. Aliyeilima ndiye peke yake aliyebaki nyuma.

Wala tusidanganyane kwamba pwani ni jambo geni kwetu. Enzi za Mfalme Rumanyika, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, hapa hapa Karagwe, wakitafuta pembe za ndovu. Waingereza Speke na Grant waliondoka Unguja mwaka 1860 wakafika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861. Zaidi ya mwaka mzima njiani! Wapagazi waliitembea njia hiyo kwa miguu, mzigo kichwani. Leo sisi wenye lami na magari tunasema ni mbali.

Na pwani imekuja kwetu mara nyingine, kwa gharama kubwa zaidi. Jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera mwaka 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, vijana wa mikoa yote ya nchi hii walikuja kupigana huku. Baadhi yao wamelala katika makaburi ya Kaboya, Muleba, hadi leo. Baba zetu na mama zetu waliwaona vijana hao wakipita. Je, si haki yao kuona huko walikotoka?

Wapo watakaosema, "Mpandishe basi Kayanga, tutampokea stendi." Ndugu zangu waliniambia hivyo hivyo nilipotaka kuwachukua wazazi wetu. Maneno hayo husemwa na mtu aliyesahau basi likoje. Ni kilometa zipatazo 1,400. Mama wa miaka sabini anakataa kunywa maji tangu asubuhi ili asije akamsumbua dereva. Na basi linaposimama ili watu wakachimbe dawa, anashushwa kwenye uwanda wa Singida usio na kichaka cha kumsitiri, huku utingo akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Akifika ana miguu iliyovimba, na sisi tunasema, "Mnaona? Wazee hawawezi safari." La hasha! Wazee wanaiweza safari. Wasichokiweza ni mwendo wetu wa haraka.

Nilikwenda kuwachukua kijijini, jirani na Nkwenda. Siku mbili kabla ya kuondoka, majirani walianza kuja kutoa pole. Mmoja alileta kuku na kumwambia Mama kwa sauti ya chini kwamba Mungu atamponya. Mama akamjibu, "Siumwi. Tunakwenda kutembea." Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akaniuliza mimi tena, kana kwamba Mama anafichwa ugonjwa wake. Jibu gani lingine linahitajika kuonyesha tulivyowazoesha vibaya?

Tuliondoka kukiwa giza, baada ya Tata kumwonyesha kijana wa jirani kila mgomba ulio karibu kukatwa na kila mahali ng'ombe asipopaswa kufika. Tulipita Omurushaka na Kayanga, tukashuka Benaco, tukashika njia ya Nyakanazi, tukalala Kahama. Siku ya pili tulilala Dodoma. Siku ya tatu, tulipofika Chalinze, hatukuingia Dar es Salaam kabisa. Tulipinda kwenda Msata, na kutoka Msata tukateremka Bagamoyo. Tulisimama kila walipotaka. Njia nzima Tata alisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika miaka yangu hamsini, kwa kuwa kijijini huwa nafika jioni na kuondoka asubuhi.

Bagamoyo tuliwakuta wazee wenzake barazani wakinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, na kashata pembeni. Tata akatoa mfukoni kahawa yake ya kutafuna, akawakaribisha kama afanyavyo nyumbani. Wakacheka, wakaonja. Mmoja akasema hakujua kahawa huliwa. Tata akasema naye hakujua huko iendako inageuzwa maji. Walikaa pamoja mpaka adhana ya alasiri. Baadaye tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa tukaenda hadi Kilwa, lakini kama tungeishia kwenye baraza lile, bado ningesema gharama yote imelipika.

Limebaki hoja la fedha, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Fedha haipo, wanasema. Lakini mzee huyo huyo akifia Muhimbili, fedha inapatikana kwa siku mbili. Michango inapita, jeneza zuri linanunuliwa, magari yanakodiwa, na watoto wote wanaomba ruhusa kazini. Anasindikizwa kilometa zile zile 1,400, kupitia Dodoma ile ile na Kahama ile ile, mpaka shambani kwake. Basi barabara tunaijua, ruhusa inapatikana, na fedha tunayo. Kinachokosekana ni nia ya kuvitumia mzee akiwa bado anaona dirishani.

Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali. Wewe unayesoma, kama wazazi wako wangali hai na miguu ingali inawabeba, usingoje barua ya rufaa. Omba likizo yako msimu wa kahawa ukikaribia kwisha, mvua za masika zikiwa zimekwisha kuondoka pwani. Usitume nauli. Panda mwenyewe mpaka Karagwe, mpaka Kyerwa, ulale kwao siku mbili, uwasaidie kufunga mizigo. Na majirani wakija kutoa pole, wakaribisheni ndizi, muwaambie hakuna mgonjwa.