Kutoka Umoja wa Ulaya: Ushuru sifuri, gharama tele

ASUBUHI ya Juni 24, 2016, kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa, soko la fedha lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake juu ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya (EU). Paundi, ambayo usiku ilinunuliwa kwa karibu dola 1.50 za Marekani, iliporomoka hadi takriban dola 1.33, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1985.

Waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9 ya wapiga kura. Haki yao haina mjadala. Nchi iliyoingia kwa hiari mwaka 1973 inaweza kutoka kwa hiari hiyo hiyo. Swali la wafanyabiashara ni jingine: gharama ya kutoka analipa nani?

Hisa za kampuni 100 kubwa katika soko la London zilianguka siku hiyo, lakini kabla ya wiki kwisha zilikuwa zimerudi zilipokuwa. Waliounga mkono kutoka wakashangilia. Hata hivyo, kampuni hizo hupata sehemu kubwa ya mapato yao nje kwa dola na sarafu nyinginezo. Paundi ikishuka, mapato hayo yakihesabiwa kwa paundi huonekana yamenona. Kampuni za kati, zinazomtegemea zaidi mnunuzi wa ndani, zilipoteza asilimia 7 ya thamani kwa siku moja na zilichukua muda mrefu zaidi kuinuka. Mwekezaji mdogo aliyetazama namba moja tu alipotoshwa.

Gharama kubwa zaidi haikuja siku ya kura. Ilikuja Januari 1, 2021, kipindi cha mpito kilipokwisha. Mkataba uliofikiwa Desemba 24, 2020 uliondoa ushuru kwa bidhaa zenye asili ya pande hizo mbili. Ushuru ni sifuri, lakini bandarini zinatakiwa fomu za forodha, uthibitisho wa asili ya bidhaa na, kwa nyama na samaki, cheti cha afya. Kampuni kubwa huajiri wakala na kuitawanya gharama hiyo katika mzigo mkubwa. Mwenye kreti tatu za samaki hudaiwa karatasi zile zile, na samaki hasubiri.

Taasisi huru ya makadirio ya bajeti ya Uingereza (OBR) ilikadiria kuwa tija ya nchi hiyo, kwa muda mrefu, itakuwa pungufu kwa asilimia 4 kuliko kama isingetoka.

Watetezi wa kutoka husema kwamba Uingereza sasa inafunga mikataba yake yenyewe. Ni kweli, na Kenya ilitia saini wa kwake Desemba 2020. Lakini faida kuu ya mkataba huo ilikuwa kulinda nafasi ambayo maua, chai na mboga za Kenya zilikuwa nayo tayari. Mazungumzo yote hayo yalifanyika ili mtu abaki alipokuwa.

Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa somo hili. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Serikali zilijadiliana kugawana mali hadi mwaka 1984, lakini mchuuzi wa Namanga hakuwa na kikao cha kumfidia soko lake. Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa Novemba 1999, miaka 22 baadaye.

Mei 2025, London na Brussels zilikubaliana kuandaa makubaliano ya kupunguza ukaguzi wa vyakula na mimea mpakani. Yaani wanarudi mezani kujadili karatasi zile zile zilizoletwa na kutoka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mfanyabiashara anayesikia nchi yoyote inatangaza kujitoa katika umoja asihesabu bendera wala hotuba. Ahesabu fomu zitakazoongezeka, siku mzigo utakazolala mpakani, na akiba aliyo nayo ya kuvumilia siku hizo. Mwenye hisa naye aulize kampuni yake inamuuzia nani, na kwa sarafu gani. Uhuru wa kutoka ni wa taifa zima. Ankara yake hutangulia kufika kwa mdogo.