MTOTO MTUKUTU SI WA KUTUPWA

Ndugu wafanya kazi,

Katika jarida letu hili twasoma mara nyingi habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Hayo ni mambo mema na yafaa yaandikwe. Lakini liko jambo moja ambalo twalificha nyumbani, nalo linakula mishahara yetu kama mchwa. Ni habari ya mtoto ambaye tabia yake imewashinda wazazi, imemshinda mwalimu, na hakuna ajuaye ampeleke wapi.

Nianze na nyumba yangu mwenyewe, ili mtu asiseme nachukua habari za jirani. Mwanangu wa pili ana miaka tisa. Tangu darasa la kwanza hakutulia. Aliuma wenzake, alirusha mawe, alitoka darasani mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, na usiku alilala kidogo tu. Shule mbili zilimfukuza. Mimi nilimchapa. Mama yake akalia, nikamchapa tena. Watu wakasema amerogwa, tukaenda kwa mganga, na mbuzi akaenda. Wengine wakasema ana pepo, tukaenda kwenye maombi, na sadaka ikaenda. Kisha nikasikia habari za daktari wa akili wa watoto mwenye ofisi yake mjini. Nilipouliza bei ya kuonana naye mara moja tu, nikaona ni mshahara wa siku nyingi. Nikarudi nyumbani, wala sikumwambia mke wangu neno.

Aliyetufungulia njia ni mwalimu wake wa shule ya tatu. Aliniita akasema, "Baba, huyu mtoto si mjinga, wala simwoni kuwa mbaya. Kwanza apimwe." Nikamwuliza, "Mwalimu, apimwe nini? Hana homa." Akanielekeza kwenye kituo cha Wizara ya Elimu cha kupima watoto wenye shida ya kujifunza. Vituo vya namna hii vilianzishwa hapa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mimi nilikuwa sijapata kusikia habari zake hata siku moja. Huko walimpima masikio, macho na kusema kwake, wakatuuliza habari zake tangu kuzaliwa, kisha wakatupa barua ya kwenda hospitali ya serikali. Hospitalini tuliambiwa kwamba breki za akili yake hazijakomaa kama za watoto wa rika lake. Akitaka jambo, mwili umekwisha kwenda kabla ya fikira kufika. Wakasema anaweza kusaidiwa.

Basi wakataka tuje kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza msimamizi wangu aliniruhusu. Mara ya pili alinuna. Mara ya tatu aliniuliza mbele ya watu, "Mgonjwa ni wewe au ni mtoto?" Siku ile nilikwenda, nami nikakatwa mshahara wa siku. Mara mbili zilizofuata sikwenda, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa inangoja. Mtoto akarudia kuuma wenzake.

Ndipo nilipoelewa hesabu hii. Bei ya daktari haikuwa ile ya risiti peke yake. Kulikuwa na nauli ya watu wawili, na siku ya kazi iliyopotea, na mbuzi, na sadaka, na karo ya shule mbili tulizofukuzwa. Laiti ningalijua mlango wa kwanza wa kubisha, ningaliokoa fedha nyingi na miaka mitatu ya mtoto.

Ndugu zangu, msidhani kwamba jambo hili ni la nyumba yangu tu. Uchunguzi wa vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba zaidi ya wawili katika kila watano walikuwa wamepata shida ya akili au ya moyo ndani ya mwaka mmoja. Mmoja katika kila wanane alikuwa na ugonjwa kamili. Nalo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu huanza kabla ya miaka 18. Hesabuni watoto wa safu moja ya nyumba zetu, mtaona.

Kwa nini basi twajificha? Sababu moja ni jina. Mtu akisikia "daktari wa akili" hapa kwetu, huwaza Mathari. Na Mathari ina historia yake. Mahali pale palikuwa pa kutengea wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 pakageuzwa kuwa nyumba ya kufungia wenye wazimu. Tangu 1938 hadi 1950 iliongozwa na Daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 daktari huyo aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Watu waliotazamwa kwa macho kama hayo wangependaje kupeleka watoto wao? Hofu ya babu zetu ilikuwa na msingi. Lakini daktari yule hayupo, na leo wanaotibu pale ni watoto wetu wenyewe waliosoma. Tukiendelea kuogopa, anayeumia ni mtoto.

Sababu ya pili ni kiboko. Wako wenzangu watakaosema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Nami nilisema hivyo. Lakini sisi watu wa njia twajua kwamba reli ikilegea hatuipigi nyundo kwa hasira. Twainama, twatazama kokoto zimezama wapi, bolti gani imefunguka, taruma gani limeoza. Mtoto asiyesikia vizuri humwonea mwalimu kuwa anamdharau. Mtoto mwenye kifafa kidogo hutazama ukutani, aitwa mvivu. Mtoto aliyefiwa, au anayeona baba akimpiga mama kila mwisho wa mwezi, au aliyetendewa uovu na mtu mzima, hurusha mawe kwa kuwa hana maneno. Kiboko kitaponya lipi katika hayo? Tena serikali ilikataza viboko mashuleni tangu 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yamlinda mtoto na ukatili wa kila namna.

Mimi si daktari wala si msomi. Shule yangu ni ya msingi, ya misheni. Nawaandikia njia kama nilivyoipita, ili mwenzangu asizunguke kama mimi.

Kwanza, anza na mwalimu na kituo cha kupima watoto cha eneo lako. Masikio na macho yapimwe kabla ya mtu kusema neno juu ya akili.

Pili, nenda zahanati au kituo cha afya cha karibu, omba barua ya kwenda mbele. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, nasi tulioajiriwa twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwenye shilingi 30,000 hukatwa 825 kila mwezi. Fedha hizo ni zako. Hakikisha kila mtoto ameandikwa chini ya jina lako. Wako wanachama wanaokatwa kila mwezi na watoto wao hawamo kwenye orodha. Afya ya akili imo katika mafao ya SHA, kwa hiyo usiambiwe dirishani kwamba haimo ukanyamaza. Uliza, tena uliza kwa adabu.

Tatu, hospitali kubwa za kaunti nyingi zina kliniki ya akili siku fulani ya wiki. Walio Nairobi wana Mathari na Hospitali ya Kenyatta. Uliza siku ya watoto kabla ya kupanda gari, usije ukapoteza nauli.

Nne, ukikwama, au ukiona mtoto anadhulumiwa, piga simu 116. Ni ya watoto, haina malipo, na hujibiwa mchana na usiku.

Tano, usidhani utapewa vidonge tu na mambo yaishe. Kwa watoto wengi wenye tabia ngumu, dawa ya kwanza ni kufundishwa wazazi. Sisi tulifundishwa kutoa agizo moja fupi kwa wakati mmoja, kumsifu papo hapo anapofanya vema hata kama ni jambo dogo, kuwa na saa moja ya kulala kila siku, na kutopayuka. Mambo haya hayagharimu shilingi, lakini ni kazi ngumu kuliko kubeba mataruma. Na usingoje zamu ya kliniki kama mtoto asema ataka kufa, au aanguka na kutikisika, au achezea moto. Huyo mpeleke hospitali siku ile ile.

Sasa nageukia Chama. Najua wako watakaosema kwamba Chama ni cha kudai mishahara, habari za watoto ni za mama nyumbani. Nawajibu hivi. Mtu aliyekesha na mtoto wake usiku kucha, asubuhi yuko kwenye njia na treni inakuja. Je, hilo si jambo la usalama kazini? Na mke aachaye kibanda chake cha sokoni kwa kuwa hakuna shule itakayompokea mtoto, je, hajapunguza mshahara wa nyumba? Shilingi tunayodai mezani kwa mwajiri isipotue nyumbani, tumeidai ya nini?

Tazameni sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa likizo ya mwaka ya siku 21, na likizo ya ugonjwa kwa mfanya kazi mwenyewe akiwa mgonjwa. Kwa mtoto mgonjwa haikutuwekea hata siku moja. Yule msimamizi wangu aliponiuliza ni nani mgonjwa, hakuvunja sheria. Ndiyo maana yatupasa kuandika katika mapatano yetu yale ambayo sheria haikuandika. Hiyo ndiyo kazi ya Chama.

Kwa hiyo naomba viongozi wetu wapeleke mambo manne:

1. Katika mapatano yajayo, mzazi mwenye barua ya hospitali apewe angalau siku moja kwa mwezi, yenye mshahara, ya kumpeleka mtoto kliniki, baba na mama sawasawa.

2. Chama kipate nakala ya kila bima ya matibabu inayotuhusu na kuisoma maneno yote, hata yale madogo ya chini. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa 2022, haimpi mwenye bima ruhusa ya kuwabagua wagonjwa wa akili. Tukikuta wametengwa, tuulize kwa barua.

3. Walio stesheni za mbali wapewe tiketi ya mzazi na mtoto ya kwenda kliniki ya mjini. Treni twaitengeneza sisi, njia twailinda sisi. Si haki mtoto wetu akose matibabu kwa kukosa nauli.

4. Kila tawi libandike ukutani orodha ya vituo vya kupima watoto, kliniki za akili, siku zake na ada zake. Kazi hii haihitaji mwajiri. Twaweza kuianza Jumatatu.

Nanyi wanachama wenzangu, nawaomba jambo moja lisilohitaji mapatano. Mtoto wa mwenzako akirusha jiwe, usimwite mwehu. Usimwambie mama yake kwamba hajui kulea. Mwulize kama amekwisha kumpeleka kupimwa, na kama hajaenda, mwonyeshe njia. Ukiweza, mshikie zamu yake siku moja. Zamu zangu mbili zilishikwa na mwenzangu wa gengi ambaye hata hana mtoto, naye hakutaka kulipwa hata chai.

Mwanangu hajapona kama mtu aponavyo malaria. Juma lililopita alivunja kioo. Lakini mwezi huu wote hakumuuma mtu, naye amekaa darasani hadi kengele ya mwisho siku nne katika kila tano. Mwalimu aliandika hayo katika daftari yake kwa wino mwekundu. Nililisoma daftari lile nikiwa nimesimama mlangoni, na buti za kazi bado miguuni.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wazee. Mimi naongeza kwamba mzazi peke yake hawezi kulea, na ndiyo maana twalipa ada ya Chama. Jambo hili liletwe katika mkutano ujao wa tawi. Mimi nitasimama nilisemee, hata nikiwa peke yangu, lakini ningependa kuwaona wengine wakisimama pamoja nami.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli