TANGI LA UPEPO NA NDIZI ZA BI MKUBWA

Wiki hii hakuna stori za disko wala za kufumaniana. Leo ni gereji tupu, kwa hiyo kama umevaa nguo nyeupe kaa mbali kidogo.

Mdogo wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuliona gari akaliacha kama lilivyotoka kiwandani. Safari hii kaiangukia pikapu ya nyumbani, Hilux mkweche, ile ile iliyotusomesha sisi wote kwa kubeba ndizi. Katoa springi, kaweka mipira ya upepo. Unabonyeza swichi, pshiii, pikapu inalala chini kama mbwa aliyechoka. Unabonyeza nyingine, inanyanyuka. Mtaani ilikuwa usipime! Na mimi kiti cha mbele nauza sura, sikatai.

Bi mkubwa alikubali kwa sababu yake. Pikapu ikilala, mikungu inapakiwa bila ya watu kuvunjika viuno.

Mambo haya yana wenyewe, bwana. Kule California sheria ya mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini kuliko ukingo wa rimu. Jamaa mmoja, Ron Aguirre, mwaka 1959 akafunga pampu za ndege kwenye Corvette yake: akiona polisi anainua, wakipita anashusha. Zile zilikuwa za oili. Upepo nao ulishaingia kwenye magari ya kifahari, maana Cadillac waliutoa kiwandani mwaka 1957 kwenye Eldorado Brougham. Vijana wa pikapu wakaja kuudaka baadaye.

Sasa twende kwenye tangi, maana hapo ndipo tulipogombana. Kompresa ndogo ya betri ni mzembe, haiwezi kuinua gari kwa mara moja. Inajaza tangi polepole, na tangi ndilo linalotoa upepo wa haraka. Yapo mengi ya lita 19, na upepo wake unafika PSI 150 na zaidi, wakati tairi lako linaridhika na 35. Kitu cha namna hiyo huwezi kukipachika popote tu kama redio.

Mdogo wangu alitaka liwe nyuma kwenye bodi, limeng'arishwa, masela walione. Nikamuuliza, ndizi zikae wapi? Nyuma ya kiti? Hapo nilikataa mimi. Sitaki PSI 150 ipumue kisogoni kwangu, na kelele za kompresa juu yake. Basi fundi wa gereji moja ya uchochoroni akaja na yake: akatoa spea tairi, akaning'iniza tangi mahali pake, nyuma ya ekseli. Tukapiga makofi. Wajinga watatu.

Jumamosi hiyo sokoni Mabibo, bi mkubwa kalaza pikapu, vijana wakapakia mikungu hadi juu. Akabonyeza swichi ya kuinua. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya! Kumbe pikapu iliposhuka, tangi lililala juu ya jiwe, na kile kibomba cha chini cha kumwagia maji kikakatika. Upepo wote ulikwenda zake. Saa sita mchana, jua la Dar, pikapu imelala njiani na mzigo wake, malori yanapiga honi, wateja wanasubiri. Nikaitwa. Nilivyoangaliwa na mama yangu siku ile, heri ningetukanwa.

Aliyetuokoa ni utingo mmoja wa lori. Alitafuta bolti ya saizi ile, akaizungushia utepe wa mafundi bomba, akaziba tundu. Kompresa ikahangaika karibu nusu saa ndipo gari likanyanyuka. Halafu akaniita chini ya lori lake. "Bro, tazama tangi za breki zinavyokaa." Zimebanwa ubavuni mwa chasisi, na kila moja ina kibomba cha kumwagia maji. Maana upepo wetu wa pwani una unyevu. Ukishindiliwa unageuka maji, na maji yanakula tangi kwa ndani.

Jumapili tulilihamisha. Sasa liko mbele ya ekseli, ndani ya chasisi, upande usio na ekzosi, mbali na propela. Juu ya ekseli hatukugusa, kwa sababu gari likilala difu linapanda pale pale, lingelitwanga kama kisamvu. Hakuna kinachoning'inia chini ya chasisi. Miguu ya tangi imefungwa kwa bolti na washa za mpira. Tangi lenyewe halichomelewi hata kidogo, moto unadhoofisha chuma kinachobeba upepo. Kibomba cha maji tumekitolea paipu ndogo pembeni, kompresa tukaiweka juu zaidi ili maji yasiirudie. Na valvu ya usalama ipo, upepo ukizidi inafunguka yenyewe. Spea tairi imerudi kwao.

Jumatatu bi mkubwa akapakia, akabonyeza mwenyewe. Pikapu ikanyanyuka na mikungu yake yote. Akakaa kimya kitambo, halafu akanigeukia: "Mwambie mdogo wako, hiyo rangi ya zambarau anayoiwaza aisahau."

Tukutane wiki ijayo. Mimi nakwenda kumwaga maji ya tangi, zamu yangu leo.