Kuiaga Nepal

Nimeiaga Nepal baada ya miezi minne ya kutembea na shanta mgongoni na kupanda milima. Wageni aghalabu huiaga milima yenyewe. Hupiga picha ya mwisho pale Lukla, wakaabiri ndege ndogo, basi. Kwa maoni yangu, wanaostahili kuagwa kwanza ni wapagazi, ambao hupandisha mchele na mabati hadi Namche Bazaar, mita 3,440 juu ya usawa wa bahari, mzigo ukishikwa na ukanda uliopitishwa kichwani. (Akina mama wetu wanaobeba kuni kando ya Mlima Kenya wangewatambua mara moja.) Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Khumbu ikawaua Wanepali 16 waliokuwa kazini, wakiwatayarishia wageni njia ya kupanda Everest.

Walimu wenzangu, hayo tunayafundishaje? Tukitaja mwaka 1953, Tenzing Norgay angalau husimama kando ya Edmund Hillary. Je, mlima wetu? Wanafunzi hukariri kwamba Mackinder alifika kilele cha Batian mwaka 1899. Wapagazi Wakikuyu na Waswahili waliochukua mizigo ya msafara wake hatuwapi hata sentensi moja ubaoni. Si ajabu kijana wetu akidhani kwamba mahema hujipandisha!

Muhula ujao nitalianza somo hilo kwa mizigo: ilibebwa na nani, kwa ujira gani, na je, mbebaji alirejea kwao? Najua nitaambiwa kwamba maswali hayo hayamo katika mtihani.