Laiki Zitaisha, Kobe Atabaki: Ya Staa wa Bongo na Kipenzi Chake Kipya

Wiki hii mitandaoni hamna stori nyingine zaidi ya ya yule mwanadada wa Bongo Fleva aliyehamia Marekani na mumewe. Jina halitajwi hapa, ila wanaomjua wameshamjua. Bibie kaposti video ya kobe mdogo mweusi, mkia mrefu kama wa mjusi, kamweka kwenye bakuli la kioo juu ya meza ya sebuleni. Mtoto wao wa kike, ambaye hata miaka minne hajafika, anambusu kobe mgongoni, mama anacheka, muziki unapiga nyuma. Laiki zinamiminika.

Kwenye maoni sasa, vita. Kundi moja linasema ni ndagu, eti kila nyota yake ikififia lazima atafute kitu cha ajabu. Kundi la pili linalia "dada tuletee na sisi Dar". Kiukweli wote wamepotea njia.

Yule si kobe wa kutembea bustanini na kula majani taratibu. Ni kobe wa maji wa Amerika ya Kaskazini, maarufu kule kwa kung'ata, tumwite tu kobe mng'ataji. Wenyewe wanamheshimu mpaka jimbo la New York lilimtangaza mwaka 2006 kuwa reptilia wake rasmi. Kobe waliozoeleka Bongo ukiwagusa wanaingia ndani ya gamba, mambo yanaisha. Huyu gamba lake la chini ni dogo sana, mwili hauenei humo, kwa hiyo kinga yake ni mdomo. Akiwa majini mara nyingi humkimbia mtu, ila akitolewa nchi kavu anakuwa mkali balaa. Shingo yake ni ndefu na inageuka kurudi nyuma, yaani anayemshika ubavuni akidhani yuko salama anaweza kushtukia kidole kiko mdomoni. Na kumning'iniza kwa mkia, kama mume wa bibie alivyofanya kwenye video ya pili, kunaweza kumuumiza uti wa mgongo. Jamani, mkia si mpini.

Lakini kung'atwa bado ni mbali, kwa sasa kobe mwenyewe ana ukubwa wa sarafu. Hatari iliyopo leo ni lile busu.

Kobe wengi wanabeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuumwa. Anaonekana mzima, anacheza, kumbe wadudu wako kwenye gamba na kwenye maji yake. Kwa mtu mzima inaweza kuishia tumbo la kuhara na homa, kwa mtoto mdogo inaweza kumlaza hospitali. Ndo maana tangu 1975 serikali ya Marekani imepiga marufuku kuuza kama kipenzi kobe mwenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10. Sababu ilikuwa watoto wadogo, maana kobe wa saizi hiyo anaingia mdomoni. Mamlaka za afya za huko zinashauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano isifuge reptilia kabisa. Sasa bibie kasema mwenyewe akiwa laivu kwamba kamnunua kwa jamaa barabarani. Huyo jamaa ndo alistahili kutukanwa na wadau, sio mama wa watu kuitwa mchawi.

Tuseme kaamua kubaki naye. Basi lile bakuli litoke leo, sio kesho. Kobe huyu akiwa mchanga si muogeleaji hodari, anataka maji ya kina kifupi, asimame chini anyooshe shingo, pua itoke juu apumue. Anataka mahali pa kujificha, hata kipande cha gogo, maana porini kila kitu kinamla akiwa na umri huo na anaishi kwa kujificha. Kumweka kwenye kioo kitupu katikati ya sebule yenye spika ni kumtesa tu. Anataka chujio la maji linalofanya kazi usiku na mchana, kwa sababu anachafua kweli kweli. Na kuna taa mbili: moja ya joto, nyingine ya mionzi ya UVB inayoshika nafasi ya jua. Bila hiyo ya pili mwili unashindwa kutumia kalsiamu, gamba linalainika, mifupa inapinda, na ikishapinda ndo basi tena.

Chakula ndo kichekesho. Bibie aliuliza wampe nini, wadau wakajibu wali, mkate, mmoja akasema soseji. Huyu anakula nyama na majani: minyoo, wadudu, vipande vya samaki, mimea ya majini, na vile vidonge vya kobe vya dukani. Akishakua hapewi kila siku, maana ni mlafi, atanenepa mpaka nyama imwagike nje ya gamba.

Na atakua. Mtu mzima wao gamba linaweza kupita sentimita 30, na kilo kumi na kitu ni kawaida. Miaka 30 au 40 si ajabu kwake, na utafiti wa kule hifadhi ya Algonquin, Kanada, ulioanza 1972, unaonyesha baadhi wanaweza kuvuka 100. Wangapi kwenye gemu la muziki wana mpango wa miaka 30?

Jibu la bibie ni kwamba akizidi ukubwa "tutamwachia mtoni". Hapana dada. Aliyelelewa ndani anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa, na majimbo mengi yana sheria zake juu ya hilo. Wapo wanaopokea reptilia walioshindikana, na daktari wa wanyama anayejua reptilia atamwelekeza. Na nyie wa "tuletee Dar", waulizeni Wajapani. Waliletewa kobe hawa kama vipenzi, watu wakachoka wakawaachia, leo wamezaliana kwenye bwawa la Inba huko Chiba na serikali inahangaika kuwatega. Pigeni picha mtu kamwachia mmoja Ruvu.

Juzi kaposti tena. Bakuli ni lile lile, maji yameanza ukungu, mtoto kaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mkono mwingine ana biskuti. Maoni yamepita elfu, na karibu yote yanauliza wigi kanunua wapi.