Shosti, iangalie 'Rafiki' kwanza, halafu ndiyo uitukane

Kuna shosti yangu mmoja wa hapa Mpemba, jina namfichia, ameniomba muvi. Masharti yake: isiwe ya kulialia, isiwe ya wachawi, iwe na mabinti wasiosikia la mkuu. Nikamtajia moja tu, Rafiki, ya Mkenya Wanuri Kahiu. Kundi letu zima likagawanyika. Mmoja kasema namharibu mtoto wa watu. Mwingine kasema ile ni muvi ya kishujaa, ukiikosoa wewe ni mshamba. Nikawauliza wote wawili kama wameiona. Kimya.

Kwa hiyo wadau, namjibu hapa hapa nanyi msikie.

Shosti, muvi ni ya 2018. Kena na Ziki ni mabinti wa mtaa mmoja Nairobi. Kena anapiga mpira na wavulana na kumsaidia baba yake dukani. Ziki ana nywele za rangi rangi, anacheza dansi barabarani na hajali nani anaangalia. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Halafu mabinti wanapendana. Ndiyo, kimapenzi. Kama hilo hulitaki achana nayo mapema, usije ukasema nimekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, ikisema inachochea mapenzi ya jinsia moja kinyume na sheria. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes kule Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha lile. Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima tu, ili ipate sifa ya kufikiriwa kwa Oscar. Watu wakajaza sinema Nairobi mpaka wengine wakakosa tiketi. Mwishowe Kenya ikapeleka Supa Modo, siyo hii, na kesi ikaendelea miaka.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wanalipita haraka. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, binti aonekane anajuta. Akakataa. Hapo ndipo mimi naona ugomvi wenyewe ulipo. Sisi tumelelewa na muvi ambazo binti mkorofi lazima alipe: augue, achanganyikiwe, au arudi nyumbani analia juu ya kaburi la mama yake. Tunaangalia ukorofi saa nzima na nusu kwa raha zetu, kisha dakika kumi za mwisho tunapewa mahubiri, tunaenda kulala na amani. Rafiki haikupi hizo dakika kumi. Mabinti wanapigwa, wanatenganishwa, wanaumia sana, ila hawaombi msamaha kwa kuwa walivyo. Ndiyo maana inakera.

Mfikirie Yasmin wa Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi wengi tumekutana nayo shule, na Amil Shivji akaitengenezea filamu 2021, Tanzania ikaipeleka kwenye mchujo wa Oscar mwaka uliofuata. Yasmin kamkimbia mume aliyeozeshwa, kavunja heshima ya ukoo, kaenda kupenda anakotaka. Tukapiga makofi. Najua siyo jambo lile lile, msinirushie mawe. Nasema tu kwamba tulimsamehe kwa sababu yale ni ya Zanzibar enzi za Mwingereza, siyo ya jirani yako leo.

Na jirani ndiye kiboko wa muvi hii. Kuna mama mmoja wa kibanda cha chakula, Mama Atim, mdomo wake haupumziki. Nilivyomwona nilicheka mpaka nikaacha kucheka. Hapa kwetu tunawajua wa hivyo. Foleni ya malori ikishika kuelekea mpakani, dereva anakaa, anakunywa chai, anapewa stori yako yote. Wewe hujatoka Mpemba, habari zako ziko Nakonde. Hakuna polisi anayefanya kazi kubwa kwenye muvi ile kuliko umbea.

Sasa kasoro, maana zipo. Mapenzi yao yanakimbia mno. Leo wanatazamana, kesho wanakula viapo, unabaki unajiuliza hawa wamejuana saa ngapi. Ziki hakuandikiwa vya kutosha, anapendeza zaidi kuliko anavyoeleweka. Ila Samantha Mugatsia, aliyecheza Kena, huyo mwache. 2019 alichukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO, Burkina Faso, na ni halali yake. Mazungumzo ni Kiingereza, Kiswahili na Sheng, utaachwa kidogo mwanzoni.

Nikuonye kitu. Kuna sehemu Kena anaombewa kwa nguvu, mama yake yupo. Najua dada yako alivyopelekwa kuombewa kisa kakataa mchumba, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ukifika hapo usijilazimishe. Simamisha, tembea, rudi ukitaka. Lakini mwangalie na yule mama pia. Hakutengenezwa kuwa shetani. Ni mwanamke aliyeachwa, anaogopa kuchekwa mara ya pili, na mimi ndiye aliyenikaba koo kuliko hata hao mabinti.

Halafu jina lenyewe. Pwani wanawake waliitana shoga, maana yake rafiki wa kike, basi. Bara neno hilo likageuzwa tusi, tukalikimbia, tukatengeneza "shosti" ili tuendelee kuitana kwa amani. Kahiu kachagua neno ambalo halijachafuliwa bado, na hata hilo likaishia mahakamani.

Ni dakika 82, bando lako halitakufa. Weka hedifoni, angalia peke yako. Usithubutu kuipeleka kibanda umiza, muvi ya kuonyesha hadharani lazima ipite Bodi ya Filamu, na mwenye kibanda ana watoto wa kulisha. Ukimaliza nipigie. Na kama utasema yule kijana wa bodaboda, Blacksta, ndiye angemfaa Kena, jiandae, tutabishana mpaka salio liishe.